Kutoka kuimba hadi kusema: mwongozo kwa anayemuuguza mtu aliyepoteza maneno kwa kiharusi

Mgonjwa amepata kiharusi na maneno yamempotea. Ukimuuliza jina la mwanawe anahangaika, uso unamkunjamana, inatoka sauti moja tu isiyoeleweka. Kisha mtu chumbani anaanza wimbo wa zamani, na mgonjwa yuleyule anaudaka, anauimba ubeti mzima, kila neno likiwa mahali pake. Familia inashangaa, wengine wanatokwa machozi, na kuanzia siku hiyo nyumba inajaa nyimbo. Wiki zinapita. Mgonjwa anaimba vizuri zaidi kuliko mwanzo, lakini akishikwa na kiu bado ananyoosha kidole.

Mwongozo huu unahusu pengo hilo. Kuimba nyimbo alizozizoea kunamfariji, na faraja kwa mtu aliyefungwa ulimi ni jambo kubwa, ila peke yake hakumrudishii usemi. Kinachosaidia ni kuzichukua sentensi anazozihitaji kila siku, kuzighani naye polepole kwa mdundo, kisha kuuondoa wimbo kidogo kidogo mpaka yabaki maneno matupu. Ni kazi ya wiki na miezi, na mtu wa nyumbani anaweza kuifanya akielekezwa vizuri.

Kabla ya yote, onyo moja. Kazi hii ni ya mtu ambaye hali yake imeshatulia na daktari anamfuatilia. Usemi ukipotea ghafla, au ukaharibika zaidi kwa mtu aliyeanza kupata nafuu, uso ukaenda upande au mkono ukalegea, hiyo ni dharura na dakika zinahesabika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni baada tu ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu inayovuja. Mkimbize hospitali. Usimpe chakula wala dawa ya kumeza njiani, kwa sababu kiharusi kinaweza kudhoofisha koo pia.

Fahamu kwanza nini kimeharibika

Kupoteza lugha kwa sababu ya jeraha la ubongo huitwa afasia, na huwapata takriban theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi. Afasia haigusi akili ya mtu kwa maana ambayo watu wengi huiogopa. Anajua yeye ni nani, anawatambua wanawe, anajua mnachomficha. Kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno, au kutoka kwenye neno lililosikika kwenda kwenye maana. Ndiyo maana kumwongelesha mzee kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, au kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo, ni kumjeruhi mara ya pili. Shikamoo yake mpe kama zamani. Hata kama hawezi kuiitikia, ameisikia.

Afasia zina sura mbalimbali, na kwa kazi yetu mbili ndizo za kuzitofautisha. Wapo ambao maneno hayatoki: wanaelewa sehemu kubwa ya wanachoambiwa, wanajua wanataka kusema nini, lakini hutoa neno mojamoja kwa taabu na hukasirika wakisikia walichokitoa siyo walichokikusudia. Wapo wengine ambao maneno hutiririka bila kizuizi, kwa lafudhi nzuri kabisa, ila hayana maana, na mwenyewe haonekani kugundua. Njia ya kughani iliundwa kwa ajili ya wale wa kwanza. Kwa wa pili haisaidii sana, na kumlazimisha mtu wa namna hiyo aimbe ni kumchosha bure. Yeye anahitaji mazoezi ya kusikiliza na kuelewa.

Usichanganye afasia na ulimi mzito. Mtu ambaye misuli ya mdomo imelegea husema sentensi kamili zenye mpangilio sahihi, ila matamshi yake hayako wazi. Huyo akipewa kalamu huandika anachotaka. Mwenye afasia mara nyingi kuandika nako kumeharibika, kwa hiyo kumpa karatasi na kumwambia "basi andika" hakutatui kitu, na kunaweza kumvunja moyo.

Kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi anayeweza kufikiwa, mwone akupimie mambo haya na akuonyeshe kwa vitendo. Mwongozo huu hauchukui nafasi yake. Unakusaidia kwa saa zile nyingi ambazo hayupo.

Kwa nini wimbo hupita pale maneno yanapokwama

Sehemu hii si ya kuruka. Ukielewa kinachotokea kichwani utajua pia kwa nini hatua zimepangwa jinsi zilivyopangwa.

Mwaka 1861 jijini Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyekuwa na silabi moja tu mdomoni, "tan", aliyoirudia kwa kila jibu. Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza sehemu nyingine ya upande huohuo, nyuma zaidi karibu na sikio, ambayo ikiharibika mtu husema kwa ufasaha usio na maana. Tangu hapo inajulikana kwamba kwa watu wengi mno, takriban asilimia 95 ya wanaotumia mkono wa kulia, lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Upande huohuo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na ndiyo sababu aliyepoteza maneno mara nyingi amepooza upande wa kulia.

Muziki umegawanyika tofauti. Kupanda na kushuka kwa sauti, rangi ya sauti, hisia iliyomo, hayo yanategemea sana upande wa kulia, na mdundo unashirikisha pande zote mbili pamoja na viini vya ndani kabisa ya ubongo. Kwa hiyo jeraha linaweza kuibomoa lugha na kuuacha muziki umesimama. Huko Uswidi mwaka 1745 Olof Dalin aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia, asiyeweza kuzungumza, ambaye hata hivyo aliimba nyimbo za kanisani kwa maneno yaliyo wazi. Mtunzi wa muziki wa Urusi Vissarion Shebalin alipatwa na kiharusi mwaka 1953, kisha kingine mwaka 1959 kilichomwachia afasia kali. Kuzungumza kulimshinda, lakini aliendelea kutunga, na simfoni yake ya tano aliikamilisha mwaka 1962. Mwanasaikolojia Alexander Luria na wenzake waliieleza hali yake katika makala ya mwaka 1965.

Matabibu wa Boston nchini Marekani, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walijiuliza kama uwezo huo uliobaki ungeweza kufanywa daraja. Mwaka 1973 walitangaza njia yao: kuchukua sentensi za kawaida, kutia chumvi kiimbo chake mpaka ziwe karibu na wimbo, kupiga mdundo kwa mkono wa kushoto wa mgonjwa, kisha kumrudisha taratibu kwenye usemi. Mwaka 2009 Gottfried Schlaug na wenzake walipiga picha za ubongo wa wagonjwa 6 kabla na baada ya mazoezi makali ya njia hii, na wakakuta kwamba upande wa kulia fungu la nyuzi linalounganisha sehemu za kusikia na za kutamka lilikuwa limeimarika.

Lakini kuna upande mwingine wa habari, na mimi nauona muhimu kuliko wa kwanza kwa mtu anayeuguza nyumbani. Mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake nchini Ujerumani waliutenganisha wimbo na mdundo. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya msaada ilitoka kwenye mdundo, pamoja na kule mtu kuwa ameshayazoea maneno yenyewe, na si kwenye tuni. Utafiti wao wa baadaye, wa 2013, ulionyesha kwamba kusema kwa mdundo bila kuimba kulisaidia karibu sawa na kuimba. Nao watafiti wa Uholanzi, 2014 na 2016, waliona kwamba njia hii hufanya kazi vizuri zaidi katika miezi ya mwanzo, na kwamba kwa walioanza wakiwa wamechelewa sana, kilichoboreka hasa ni sentensi zilezile walizofanyia mazoezi.

Ukiyaweka hayo pamoja unapata mambo matatu ya kuyashika. Mdundo usiukose hata siku moja. Usijali kama wewe au mgonjwa hamna sauti ya kuimba. Na sentensi chagua kwa makini, maana huenda ndizo atakazobaki nazo.

Hatua ya 1: Tafuta kilichobaki

Siku ya kwanza usifundishe chochote. Kaa naye wakati ambao hajachoka, asubuhi baada ya kupumzika kwa wengi, redio na televisheni zimezimwa. Anza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu… kisha nyamaza, mwangalie usoni. Wengi huendelea wenyewe: nne, tano. Jaribu siku za juma. Jaribu sala au dua aliyoisema maisha yake yote. Jaribu wimbo wa ujana wake, umwanzishie mstari na umwachie neno la mwisho. Maneno ya namna hii hutoka kama mnyororo, hayatafutwi moja moja, na mara nyingi hubaki hata pale kila kitu kingine kimeondoka. Hata matusi hubaki, na mzee mstaarabu aliyetukana bila kutaka asilaumiwe. Neno limemponyoka, hakulichagua.

Pima pia uelewa wake kwa maswali ambayo majibu yake unayajua. "Hapa ni hospitali?" akiwa nyumbani. "Hiki ni kitabu?" ukiwa umeshika ufunguo. Uliza mara kadhaa ukichanganya kweli na uongo, kwa sababu "ndiyo" na "hapana" za mwenye afasia mara nyingi hubadilishana, akaitikia huku anakataa. Kama kichwa kinasema kimoja na mdomo kingine, kwa kawaida kichwa ndicho cha kuaminiwa, au dole gumba juu na chini.

Andika ulichokiona. Kama anaelewa sehemu kubwa, maneno hayatoki, anaudaka wimbo, na anatambua anapokosea, ndiye hasa njia hii iliyokusudiwa kwake.

Hatua ya 2: Chagua sentensi zake, si zako

Hapa ndipo wauguzaji wengi huharibu kwa nia njema. Huchagua maneno yanayowafurahisha wao: majina ya wajukuu, "nawapenda", salamu za wageni. Hayo yatakuja. Kwanza fikiria siku nzima ya huyu mtu na ujiulize ni wapi anakwama mpaka anakata tamaa. Nataka maji. Nimechoka. Inauma hapa. Zima taa. Subiri kidogo. Na usisahau "sitaki". Mtu aliyepoteza maneno amepoteza pia uwezo wa kukataa, analishwa na kugeuzwa na kuvishwa bila kuulizwa, na neno hilo moja humrudishia sehemu kubwa ya heshima yake.

Anza na sentensi tano hivi, kila moja isizidi silabi sita mwanzoni. Zile zinazoanza kwa midomo kukutana, kama m, b na p, ni rahisi zaidi kwa sababu anaziona mdomoni mwako. Tumia maneno aliyokuwa akiyatumia yeye. Kama maisha yake yote alisema "naomba maji" na si "nataka maji", ghani "naomba maji".

Kuhusu lugha: wengi wetu tuna mbili au tatu. Mara nyingi zote hurudi kwa pamoja, lakini si lazima. Ipo inayotangulia, na mwaka 1895 daktari wa Ufaransa Albert Pitres alieleza kwamba aghalabu ni ile mtu aliyokuwa akiitumia zaidi alipopatwa na ugonjwa. Usimkatalie lugha ya mama ikichomoza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Ifuate.

Hatua ya 3: Jifunze kughani sentensi

Jizoeze peke yako kwanza. Kiswahili kinaifaa sana kazi hii kwa kuwa silabi zake ziko wazi, takriban zote zinaishia kwa vokali, na mkazo unajulikana: silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti zinazohitajika ni mbili tu, ya juu na ya chini. Silabi yenye mkazo ipeleke juu na uivute kidogo, nyingine ziache chini:

na-TA-ka MA-ji
ni-me-CHO-ka
i-na-U-ma HA-pa
su-BI-ri ki-DO-go

Tofauti kati ya sauti hizo mbili isiwe kubwa. Ni ileile inayosikika mtu anapomwita mwenzake aliye mbali na kulivuta jina lake. Mwendo ni wa polepole, karibu silabi moja kwa sekunde, na sauti isikatike kati ya silabi moja na nyingine. Ukiona ni mwendo wa kuchosha kwako, basi huenda ndio unaomfaa yeye.

Angalia jambo moja: neno likirefuka mkazo unahama. "NYU-mba" ikiwa "nyumbani" inakuwa "nyu-MBA-ni". Ukirefusha sentensi, ipigie mdundo upya kabla ya kumletea. Usiazime pia tuni ya wimbo anaoujua ukaibandikia maneno mapya. Inavutia, ila maneno ya zamani ya wimbo huo yatachomoza yenyewe na kuyasukuma mapya nje.

Kisha mkono. Kaa mbele yake, ukielemea kidogo upande wake wa kushoto, kwa sababu wengi walioumia upande wa kushoto wa ubongo hawaoni vizuri vitu vilivyo kuliani kwao. Shika mkono wake wa kushoto na uugongeshe taratibu mezani au pajani, mara moja kwa kila silabi. Mkono huo unaongozwa na upande wa kulia wa ubongo, upande uliosalimika, na kwa wengi ndio mkono ambao haukupooza. Baada ya muda utahisi mkono wake unaanza kugonga wenyewe kabla ya wako. Hapo usiuvute tena, uache uongoze.

Hatua ya 4: Panda ngazi

Kila sentensi hupitishwa kwenye ngazi tano, na mgonjwa hapandi ya pili mpaka ya kwanza imekaa.

1. Mvumishie. Mwonyeshe kitu au picha, vumisha tuni ya sentensi mdomo ukiwa umefumba, kisha ighani kwa maneno mara mbili huku mkono ukigonga. Yeye anasikiliza na kugonga tu.
2. Ghanini pamoja, tangu mwanzo hadi mwisho, mara kadhaa.
3. Anzeni pamoja, kisha wewe punguza sauti katikati na unyamaze. Endelea kuugonga mkono. Acha amalizie.
4. Ghani peke yako akisikiliza, halafu airudie peke yake. Ukiona anakwama, msaidie kwa silabi ya kwanza tu.
5. Muulize kwa kiimbo kilekile: "U-na-TA-ka NI-ni?" Naye ajibu.

Niifafanue ngazi ya tatu kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote. Mnaanza: na-TA-ka… wewe unafifia. Anasema "na-ta-ka" na anasimama. Macho yanakutafuta. Kila kitu ndani yako kinakutuma ummalizie. Usimalizie bado. Mkono wake ugongeshe mara mbili, polepole, pale "maji" inapopaswa kuwa, na uuweke mdomo wako katika umbo la m bila kutoa sauti. Ngoja. Sekunde tano za kimya ni ndefu mno kwa anayengoja, ila kwa ubongo unaotafuta njia mpya ni muda wa kawaida. Ikitoka "ma", pokea. Ikitoka "maji" nzima, mpe maji, hapohapo, glasi iwe karibu tangu mwanzo. Neno lililoleta kitu hukaa kuliko neno lililoleta makofi.

Isipotoka, rudi ngazi moja chini, mghani pamoja, mjaribu tena. Ikishindikana mara ya pili, iwekeni kando sentensi hiyo kwa leo na mshike nyingine. Usimwache amalize kikao kwa kushindwa. Maliza na ile anayoimudu.

Makosa yake usiyarekebishe kwa kusema "sivyo". Ghani tu iliyo sahihi na muendelee.

Hatua ya 5: Ondoa wimbo

Wengi hufika ngazi ya tano, wakafurahi, wakaishia hapo. Matokeo yake ni mtu anayeghani vizuri akiwa na wewe mezani, lakini akiwa na binti yake jikoni hana neno.

Sentensi ikishamtoka bila shida kwa siku kadhaa mfululizo, anza kuilegeza. Kwanza ongeza ukimya kati ya kusikia na kurudia: wewe ghani, hesabu kimoyomoyo hadi sita, ndipo umpe ishara. Kisha acha sauti za juu na chini ziwe karibu karibu, mdundo na mkazo vikibaki, mpaka inakuwa kama mtu anayesoma shairi bila kuliimba. Kisha mwendo uharakishe kidogo. Mwisho muulize kwa sauti ya kawaida na umsubiri ajibu kwa sauti ya kawaida. Mkono wa kushoto uwe wa mwisho kuondoka, na wala si lazima uondoke. Wapo wanaoendelea kugonga paja kwa kidole kimya kimya miaka mingi, na hakuna ubaya.

Hapohapo mbadilishie watu na mahali. Leo amuombe maji kaka yake, kesho jirani aliyekuja kumjulia hali. Wafundishe wote wanaoingia nyumbani kungoja.

Kiasi gani, na kwa muda gani

Afadhali mara nyingi na kidogo kidogo. Uchovu wa baada ya kiharusi si uvivu, na ubongo uliochoka haujifunzi. Vikao vya dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, vinamfaa mtu wa nyumbani kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Nafuu huwa ya kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, lakini mlango haufungwi. Mwaka 2017 utafiti mkubwa wa Ujerumani, wenye watu 156 waliokuwa wamekaa na afasia kwa zaidi ya miezi 6, ulionyesha kwamba wiki 3 za tiba ya usemi, saa 10 au zaidi kila wiki, ziliboresha mawasiliano yao ya kila siku. Ukiambiwa "mwaka umeshapita, hakuna cha kufanya," usikubali.

Pima maendeleo kwa mambo madogo. Kila Jumapili mrekodi kwa simu, kwa ridhaa yake, akisema sentensi zake tano. Mabadiliko ya siku kwa siku hayaonekani, ila ya mwezi husikika. Rekodi hizo pia zitamsaidia mtaalamu kuliko maelezo yako yoyote.

Muziki wa kusikiliza tu

Saa ambazo hakuna mazoezi zinaweza kufanya kazi nazo. Nchini Ufini mwaka 2008, Teppo Särkämö na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 wa kiharusi waliogawanywa makundi matatu: waliosikiliza muziki waliouchagua wenyewe kila siku kwa miezi 2, waliosikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, na wasiopewa chochote cha kusikiliza. Kundi la muziki lilipata nafuu kubwa zaidi katika kukumbuka maneno na kuweka makini, na halikuwa na huzuni nyingi kama wale wasiopewa chochote. Mwaka 2020 watafiti haohao waliongeza kwamba muziki wenye maneno ya kuimbwa ulisaidia kumbukumbu ya maneno kuliko wa ala tupu.

Basi mwekee nyimbo za kuimbwa, alizozipenda yeye, kama saa moja kwa siku. Achague mwenyewe kwa kunyoosha kidole. Zime wakati wa maongezi, kwa sababu mwenye afasia hupata shida kuchuja sauti mbili kwa wakati mmoja.

Mambo ya kuyaangalia njiani

Huzuni baada ya kiharusi huwapata karibu mtu mmoja kati ya watatu, na kwa asiyeweza kusema hujificha. Dalili zake ni kukataa chakula, kukataa mazoezi aliyokuwa akiyapenda, kulala muda wote au kutolala kabisa. Mweleze daktari, inatibika. Usidhani ni ukaidi. Tofautisha na kulia au kucheka kunakolipuka bila sababu na kukoma ghafla. Hiyo nayo ni athari ya jeraha, na ina dawa yake.

Kazi ya kughani isikufanye usahau dawa za shinikizo la damu na nyingine alizoandikiwa. Kiharusi cha pili kinaweza kufuta kila sentensi mliyoijenga.

Na pale neno linapogoma kabisa katikati ya haja ya kweli, achana na mazoezi. Tumia picha, kuchora, ishara, maswali ya ndiyo au hapana, chochote kile. Mtu aliye na maumivu hahitaji kuimba ndipo asaidiwe. Tafuteni kinachomuuma, mshughulikieni, halafu kesho yake, akiwa ametulia, chukueni sentensi aliyoikosa jana, igawanyeni silabi, na iongezeni kwenye orodha yake.